Shule ya Sindano Mwadui

Ndugu msomaji, nianze na ugomvi. Siku ya arobaini ya bibi yangu, Shinyanga mjini, shangazi zangu wawili walishika shuka kuukuu, mmoja pembe hii na mwenzake pembe ile, na juu ya mkeka palikuwa na mkasi. Hawakuwa wamekasirikiana. Walikuwa wanagawa mirathi. Sufuria zilishagawiwa, vitenge vilishagawiwa, kuku walishaliwa na wageni. Shuka lilibaki moja na watoto wa marehemu ni wanne, kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: likatwe vipande vinne. Baba yangu, ambaye ni mmoja wa hao wanne, alisema fungu lake yeye lifanywe dekio.

Nikaomba wasubiri. Nikasema nataka kuliandikia historia. Shangazi mkubwa alicheka mpaka akakaa chini. "Historia ya shuka? Si wewe uliyesema unaandika habari za almasi?"

Kweli nilisema. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nazunguka na daftari nikijiita mwanahistoria wa Mwadui. Nilikwishaandika habari za Dakta John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyeupata mwamba wa almasi mwaka 1940. Niliandika jiwe la rangi ya waridi lililookotwa mwaka 1947, karati 54.5, likachongwa na kubaki karati 23.6, akapewa Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake, na mwaka 1953 likawekwa na Cartier katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Niliandika kwamba Williamson alifariki mwaka 1958 na mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Yote hayo yameandikwa tayari. Mimi nilikuwa nanakili tu na kubadilisha neno hapa na pale, kama tufanyavyo wengi tunapojifunza kazi hii. Tusidanganyane.

Basi nilipewa shuka kwa mkopo. Miezi mitatu, alisema shangazi, halafu tunakata.

Shuka lenyewe lina viraka 61. Nimevihesabu mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilipata 59 na ya pili 63. Halina pamba ndani, ni nguo ya safu moja yenye viraka vilivyoshonwa juu yake kwa mkono. Wazungu wana shuka zao za viraka zenye safu mbili na pamba katikati, zile tunazoweza kuziita mifarishi, na mwalimu wa kwanza wa bibi alitaka wanafunzi wake watengeneze kama hizo. Walikataa. Bibi alikuwa akiieleza sababu huku anacheka: Mwadui mji ulikuwa ndani ya uzio na wa almasi, mtu akitoka getini hukaguliwa. Sasa wewe utoke na mfarishi uliojaa pamba, nene kama mkate, ukamwambie askari ndani hamna kitu? Afadhali kusikia baridi.

Nilicheka naye nikiwa mtoto. Sikujua kwamba hapo tayari alikuwa ananifundisha historia: mwalimu mgeni analeta mtindo, wanafunzi wanauangalia, wanachukua wanachokitaka na kuacha kingine mezani.

Bibi aliingia Mwadui mwaka 1956, mwali, akimfuata babu aliyekuwa mfanyakazi wa mgodi. Alikuta mji kamili: nyumba za safu, hospitali, shule, maji ya bomba, na watu wa makabila ambayo hakuwahi kuyasikia. Nyumbani kwao kijijini mwanamke alikuwa na shamba la pamba na mtama, alikuwa na ng'ombe wa kukamua na wenzake wa kulima nao kwa zamu. Hapa hakuwa na shamba. Alikuwa na chumba, jiko, na mchana mrefu. Wake wa wafanyakazi wakaanza kukaa pamoja kibarazani mchana, na mke wa injinia mmoja Mzungu akaja kuwafundisha kushona. Kikundi hakikuwa na jina. Wenyewe walisema tu, "tunaenda shule".

Jambo hili halikuwa la Mwadui peke yake. Mwaka 1951 liliundwa Baraza la Wanawake wa Tanganyika, mke wa Gavana Twining akiwa mstari wa mbele, na vilabu vya wanawake vikafundisha kushona, kufuma, kupika na kulea watoto. Nia ilikuwa nini? Ukisoma habari za wakati ule utaona picha ya mke aliyetakiwa: nyumba safi, kitambaa cheupe juu ya meza, ua limedariziwa pembeni. Sasa mimi najiuliza, meza yenyewe iko wapi? Bibi aliniambia walidarizi vitambaa vya meza miaka miwili kabla babu hajanunua meza. Vilikaa kwenye sanduku. Kilipofika cha kwanza kufunika kitu, kilifunika redio.

Nisieleweke vibaya. Sidharau vile vitambaa. Nani kati yetu hakukulia kwenye sebule yenye vitambaa vya makochi, vimefumwa kwa uzi mweupe, vinavyoteleza kila ukiegemea na mama anakugombeza? Foronya zenye maneno "Usiku Mwema" na "Lala Salama" zilikuwa maandishi ya kwanza ambayo watoto wengi wa Kitanzania tuliyaona nyumbani. Vilitoka kwenye shule hizo za sindano. Lakini angalia walichofundishwa na walichonyimwa. Cherehani ilikuwa ya mwanaume. Pita leo mtaa wowote wa zamani, Shinyanga au Mwanza, ukumbuke nani alikaa kibarazani kwenye duka la Mhindi akikanyaga cherehani: fundi, na fundi ni baba fulani. Yeye alishona suruali na gauni, akalipwa. Mwanamke alifundishwa kudarizi ua, akasifiwa.

Hilo ndilo lililowachoma wanawake wa kibarazani, na hapa ndipo hadithi ya bibi inaponoga. Walikuwa wanacheza upatu. Kila mwisho wa mwezi wanachanga, mmoja anachukua. Mwezi mmoja, anasema ilikuwa muda si mrefu baada ya Uhuru, yaani baada ya 1961, aliyekuwa zamu aliwaomba wenzake: fedha hii msinipe, tumwiteni fundi. Wakabishana siku nzima. Fundi mwanaume aje kukaa na wake za watu? Wakakubaliana aje mzee, na aje na mke wake.

Fundi akaja na mkasi mkubwa na futi ya kamba. Hakuleta ua hata moja. Aliwafundisha kukata. Kupima kiuno, kupima bega, kukunja kitambaa mara mbili kabla ya mkasi, kuacha nafasi ya pindo ili nguo ya mtoto ifunguliwe akikua. Kaptula ya shule, blauzi ya shule, gauni. Kitambaa cha kujifunzia kilikuwa ghali, kwa hiyo walijifunza kwa makaratasi ya magazeti, na vipande vya nguo kuukuu viliposalia vikashonwa pamoja. Ndipo shuka hili lilipoanzia. Ni daftari la mazoezi! Kiraka cha kwanza kabisa, kule pembeni, ni kaki ya kazi ya babu, na mshono wake umepinda kama njia ya ng'ombe.

Wa kwanza kulipwa waliyempata bibi anamkumbuka: mama jirani, kaptula mbili. Bei ilikuwa nusu ya bei ya fundi wa mjini. Kutoka hapo mwalimu mgeni alikuwa ni mtu waliyemchagua wao.

Sasa niruhusu kidogo nitoke Mwadui, niende pwani, kwa sababu kiraka cha saba ni cha leso na kinanilazimisha. Inasimuliwa pwani yetu kwamba katika karne ya 19 wanawake walichoka kuvaa nguo za rangi moja. Wafanyabiashara walikuwa wakileta leso za mkono zilizochapwa, hazijakatwa, zimeungana kwenye jora. Neno lenyewe leso ni la Kireno. Wanawake wakanunua leso sita, wakazikata katika safu mbili za tatu tatu, wakazishona pamoja, wakapata nguo moja kubwa. Baadaye ndipo wenye viwanda wakachapa nguo nzima kwa mtindo huo, na ndipo tukapata kanga. Maana yake nini? Kanga, nguo tunayoiita vazi la taifa, ilianza kama shuka la viraka. Hakuna aliyewafundisha. Mwenye duka aliyafuata macho ya wateja wake.

Na kabla ya hapo? Marikani. Jina linajieleza: kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani na kuletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem kuanzia miaka ya 1830. Kilipanda bara na misafara mpaka Unyamwezi na Usukuma, kikatumika hata badala ya fedha. Pamba yake ililimwa na watumwa weusi Marekani ya kusini. Kaniki nayo ilitoka India, nyeusi ya nili, na ndiyo bibi zetu Wasukuma waliyoivaa miaka mingi. Kwenye shuka langu kaniki ina viraka 9, marikani ina 4, zote zimeoshwa mpaka zimelainika kama ngozi ya sikio.

Jambo hili huwa linaniuma. Usukuma ni nchi ya pamba. Mwaka 1955 wakulima wa kanda hii waliunda muungano mkubwa wa vyama vya ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, wakauza pamba yao wenyewe. Mashamba yalikuwa meupe mpaka unaumwa macho. Halafu pamba ikafungwa marobota, ikapanda treni, ikavuka bahari, na nguo ikarudi kutoka Japani na India. Ni mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo tulipata Mwatex pale Mwanza na Urafiki Dar es Salaam. Kuna kitenge kimoja kwenye shuka, rangi ya machungwa, ambacho bibi aliapa kimetoka Mwatex. Alikigusa kila alipolikunja. "Hii pamba yetu hii," alikuwa akisema. Sina namna ya kuthibitisha. Naandika alivyosema.

Turudi kibarazani. Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake, UWT, chini ya Bibi Titi Mohamed, yuleyule aliyewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kuanzia 1955 kwa kupita kwenye vikundi vyao vya ngoma. Bibi Titi alijua kitu ambacho wasomi wengi hawakukijua: wanawake walikwishajipanga, kazi ni kuwafuata walipo. Mwadui akaanza kuja Bibi Maendeleo. Wengi wa mabibi maendeleo wa kanda ya ziwa walipita chuo cha Buhare, Musoma. Huyu, kwa maelezo ya bibi, alivaa viatu vya kisigino kwenye vumbi, na hakuna aliyemcheka mara mbili. Alileta daftari la mahudhurio na akaweka utaratibu wa mweka hazina.

Hapo ndipo aibu ilipofichuka. Mweka hazina waliyemchagua, mwaminifu kuliko wote, hakujua kusoma. Mweka hazina mwenyewe alikuwa bibi yangu.

Kwa miaka kadhaa alihifadhi hesabu za upatu kichwani na kwa mafundo kwenye uzi. Halafu ukaja ule mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima ulioendeshwa na UNESCO kutoka Mwanza, kati ya 1968 na 1972, katika mikoa ya kanda ya ziwa, Shinyanga ikiwemo. Wazo lake lilikuwa mtu ajifunze kusoma kupitia kazi anayoifanya. Mkulima alisoma kitabu cha pamba, mvuvi kitabu cha uvuvi, na palikuwa na cha uchumi wa nyumbani kwa akina mama. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nchi nzima ikawa darasa. Mwalimu wa kibarazani sasa alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, mdogo kuliko watoto wa wanafunzi wake. Wakamwita "mwalimu" na kumwamkia kwa heshima, halafu baada ya darasa wanamtuma dukani.

Mkono wa bibi haukuzoea kalamu. Ilikuwa inachana karatasi. Ulizoea sindano. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo sikulijua mpaka nilipolitandaza shuka kitandani kwangu na kuliwekea taa karibu. Kiraka cha 33 ni cha marikani. Kina herufi, mshono wa mnyororo, uzi mwekundu uliofifia: ba be bi bo bu. Chini yake liko jina lake. Herufi ya N imegeuka, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Alikosea akafumua, ukiangalia kwa makini utaona vitundu vya sindano vya jaribio la kwanza. Akashona tena, N bado imegeuka.

Nilikaa pale sijui muda gani. Mimi ninayejisifu kuwa mtu wa kwanza kwenye ukoo wetu kuandika.

Miaka ya mwisho ya shuka ndiyo yenye viraka vya ajabu zaidi. Vita ya Kagera ilipiganwa 1978 na 1979, hazina ya nchi ikakauka, na nguo zikapotea madukani. Waliokuwepo wanakumbuka foleni za duka la RTC, watu wanaweka jiwe kushika nafasi halafu wanakwenda kulala. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na kuwa na doti tano za khanga ndani ilikuwa jambo la kumnong'oneza mtu. Kikundi hakikuwa na kitambaa cha kukata. Wakashona mifuko ya unga. Viko viraka 6 vya mfuko, kimoja bado kina herufi za bluu zilizochapwa kiwandani, nusu zimekatwa. Wakageuza makoti ndani nje. Wakafumua sweta kuukuu na kufumia watoto soksi. Bibi alisema miaka ile ndiyo kikundi kilifundisha watu wengi kuliko miaka yote, kwa sababu kila mtu alikuwa na nguo iliyochanika.

Kilichokiua ni wingi. Kuanzia 1984 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, Mzee Mwinyi akaingia 1985, mitumba ikamiminika. Shati zuri kwa bei ya kitambaa kitupu! Nani tena atashonesha? Fundi wa kibarazani akabaki kupunguza suruali za Wazungu ziwatoshe Wasukuma. Babu alistaafu, wakahama Mwadui, wenzake bibi wakatawanyika, Kahama, Bukoba, Tarime. Shuka likawa la kufunika magunia ya mpunga.

Rafiki yangu mmoja, mchoraji, alinionyesha picha za shuka za Gee's Bend. Ni kijiji huko Alabama, Marekani, cha wajukuu wa watumwa waliolima pamba. Wanawake wake walishona shuka za viraka kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, kujikinga na baridi. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa kushona na kuuza, Freedom Quilting Bee, katika moto uleule wa kudai haki ya kupiga kura. Mwaka 2002 shuka zao zikatundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, kisha New York, na 2006 zikachapwa kwenye stempu za posta. Niliangalia moja ya kaki na bluu, mishono imepinda. Nikamwambia mchoraji, hii nimeilalia. Akadhani natania. Pamba ya bibi zao ndiyo iliyofika kwetu ikiitwa marikani, na wao na sisi tulilima pamba tukakosa nguo.

Sasa na sisi, vijana wenzangu. Mwaka juzi nilihudhuria semina ya uandishi, sitataja ya nani. Mwalimu alitoka mbali, mtu mwema, alituletea mifano mizuri. Siku ya tatu tulisoma kazi zetu kwa sauti, na washikaji, zote zilifanana! Kila hadithi ilianza na mvua dirishani. Tulikuwa tumedarizi ua. Tulipewa cheti na fulana yenye maandishi kifuani, tukapiga picha, mimi cheti nikakitundika ukutani na fulana nimeivaa mpaka shingo yake imelegea. Hatukumwuliza mwalimu swali lililotutatiza kweli, na wala hatukuwahi kuchanga fedha zetu wenyewe tumwite mtu tumtakaye.

Miezi mitatu ilikwisha wiki iliyopita. Shangazi mkubwa alikuja Mwanza na basi la asubuhi, mkoba mkononi, nikajua mkasi umo. Nilimtandazia shuka kitandani, nikamwonyesha kiraka cha 33. Hakusema kitu. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Akapitisha kidole juu ya ile N.

"Alikuwa anatuficha asipotuona tumelala," alisema. "Mimi nilidhani anashona."

Kisha akaligeuza upande wa pili, akaona pale panya walipotoboa, karibu na ukingo, tundu la ukubwa wa kiganja. Akaniuliza kama nina sindano. Ninayo, ya kushonea vifungo. Akaniambia nitunge uzi kwa kuwa yeye haoni, nikatunga mara ya nne. Akafungua mkoba akatoa mkasi, akatafuta kitambaa cha kuzibia, akaangalia pazia, akaangalia taulo, halafu akanitazama mimi kuanzia shingoni.

"Vua hiyo fulana," alisema.